Bibi Aliyesema Ameshakula

Nyinyi mnaopokea wageni siku hizi, nawaonea wivu na huruma kwa pamoja. Mgeni akishuka na begi lake mnamwonyesha chakula kwenye simu kabla hata hajavua viatu, na kijana wa bodaboda anakileta kikiwa cha moto. Mie nilipoanza kazi ya gesti pale Ikwiriri nilikuwa na funguo tisa kwenye kamba moja, ufagio wa chelewa, na mdomo wangu. Jiko hatukuwa nalo. Mgeni akiniuliza, "Binti, hapa mtu anakula wapi?" tumbo lake lilitegemea jibu litakalonitoka. Jibu likiwa bovu, alilala na njaa kwenye shuka nililolitandika mwenyewe.

Kazi hiyo nimeifanya mpaka magoti yalipokataa. Funguo nimezirudisha. Maneno hayana pa kurudishwa, basi nayaacha kwenu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni, mafuta ya kula na nguo za mitumba, na barabara ikatuletea watu tusiowajua: wanunuzi wa ufuta, mafundi redio, wazee wanaokwenda kuwaona watoto wao Dar. Zamani mgeni wa Rufiji hakutafuta chakula, chakula ndicho kilichomtafuta yeye. Ukifika unaulizwa, "We wa nani?" na ukishajibu, kuna nyumba utakula. Sasa wakaja watu wasio wa mtu. Mzee Kassim, aliyekuwa muuza samaki wakavu, akajenga vyumba tisa vya bati karibu na stendi, akaviita gesti. Kina mama wakaweka mafiga kando ya barabara. Mji ukajifunza kuuza kitu ulichozoea kukitoa bure, na ulijifunza kwa aibu kidogo.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini ndoto zangu zilikuwa zimefika mbali zaidi. Nilikuwa naota hoteli ya ghorofa tatu palepale Ikwiriri, wahudumu wamevaa glavu nyeupe, na kila mgeni na sahani yake ya udongo, uma upande huu na kisu upande ule. Nilikuwa nafagia huku nahesabu madirisha yake. Hoteli hiyo haijajengwa mpaka leo, ila mapazia nimeshayachagua. Naitaja kwa sababu ile sahani ya peke yake ilikuja kunitia aibu, na mtaona.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la maneno mawili: hapo tu.

Alikuja mwalimu mstaafu, mzee mwembamba mwenye fimbo, anatoka Nachingwea anaelekea Dar. Gari hana, mwenyeji hana. Asubuhi akaniuliza pa kupata uji. Nikamnyooshea kidole nikiwa na povu la sabuni mkononi: "Hapo tu, mwalimu, nyuma ya msikiti." Nikaendelea kufua. Alirudi adhuhuri, suruali kaikunja mpaka magotini, kiatu kimoja kakishika mkononi.

"Binti," akaniambia, "una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hapo tu ya miaka kumi na tisa, kwangu mimi ni safari. Ningejua ningeaga."

Nilicheka, kisha nikaona mguu wake ulivyovimba, nikaenda kumletea maji ya moto ya kuukanda. Tangu siku hiyo niliupima mji upya. Nilijaza ndoo ya maji, nikajitwika, nikatembea kutoka mlango wa gesti hadi kwa kila anayeuza chakula. Mtu mwenye ndoo kichwani hatembei kama msichana. Anatafuta pa kukanyaga, anauogopa mtaro, anaudhiwa hata na kifusi kilichochakurwa na kuku. Pale maji yalipomwagika nilijua mzee naye hapo angeteleza. Watu walidhani nimechanganyikiwa, msichana anayatoa maji kisimani, anayatembeza mjini, anayarudisha kisimani. Lakini baada ya siku mbili niliweza kumwambia mgeni kwa yakini: kwa fulani ni karibu, ila mtaro unavukwa kwa ubao unaoyumba, kwa fulani ni mbali kidogo, lakini ni tambarare, na katikati ya njia kuna duka lenye benchi, pumzika hapo, mwenye duka hachukii.

Mengine niliyojifunza nayaangusha kama yanavyonijia. Mzee aliye peke yake usimpeleke wanapokula makondakta. Chakula chao kizuri, lakini wanakula kama nyumba inaungua, naye atajiona anawachelewesha. Mtafutie kiti chenye ukuta nyuma, maana benchi lisilo na egemeo humaliza mgongo kabla wali haujafika. Mpeleke kabla watu hawajajaa, mpishi akiwa bado ana masikio. Usiulize "kuna nini?" maana utatajiwa hata vya juzi. Uliza "kipi kinaiva sasa hivi?" Na ukimwona mama ntilie anakula chakula chake mwenyewe, hapo mkalishe mgeni wako. Wapo waliokuwa wakipika wali wa kuuza na wenyewe wakala muhogo kwa jirani.

Aliyekuwa anakula chakula chake mwenyewe ni Mama Chausiku. Mwanamke mnene, sauti ya kukwaruza, mkono mwepesi. Banda lake la makuti lilikuwa nyuma ya stendi: mbele meza mbili za wateja, nyuma uani mafiga, ungo, vinu na mbuzi ya kukunia nazi. Mwezi wa Ramadhani mji ulipofunga, yeye alitundika kanga mbili kuuzunguka ua, na wasafiri wagonjwa na wazee wenye kisukari wakaingilia nyuma wakapata uji wao bila kuulizwa. Humo uani siku moja nilimkuta mtu mmoja wa heshima zake, mzima kama kigogo, anamalizia bakuli. Tukasalimiana kama watu wasioonana.

Ndoto zangu Mama Chausiku alizijua zote, kwa sababu sikuwa na akili ya kuzificha. "Waziri wa Ghorofa amefika," alikuwa akisema akiniona. "Mpisheni njia, glavu zake zisichafuke."

Sasa niwasimulie Bi Somoe, maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe.

Alikuja wakati wa masika. Lori la mchele lilimtoa vijiji vya Mbwara likamshusha mlangoni kwetu, mkononi ana kikapu cha ukindu, mwilini kanga mbili za heshima. Alikuwa peke yake, wanawe wako madunguni, vile vibanda vya juu shambani, wanalinda mpunga, na ndege hawampi mkulima likizo. Alikuwa anakwenda Temeke kwa binti yake, na binti ndiye angempeleka hospitali akatolewe mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoifunika mboni ya mzee mpaka mchana wake unakuwa magharibi. Hilo nawaambia nyinyi mapema. Mimi hakuniambia. Mimi aliniambia, "Nakwenda kumsalimu mwanangu," akawa anatembea mkono mmoja uko ukutani, nami nikadhani ni miguu.

Basi halikuja. Mvua ilikuwa imeikata barabara huku kuelekea Kibiti, mabasi yamelala kwenye tope, na hakuna aliyejua yataamka lini.

"Bibi, umekula?" nilimuuliza jioni ile ya kwanza.

"Nimeshakula, mwanangu. Alhamdulillahi."

Nikaamini. Hebu nitazameni, mtoto niliyezaliwa hukuhuku. Nani asiyejua kwamba kwetu mtu hasemi ana njaa kwa kuulizwa mara moja? Unapita watu wanakula, wanakwambia karibu, unajibu starehe, unakwenda zako na tumbo linalia. Mpaka uulizwe tena, na tena, ushikwe na mkono. Mama yangu alinilea hivyo. Lakini Mzee Kassim alikuwa amenishonea gauni la bluu la kazi, na nikiwa ndani ya lile gauni nilikuwa naongea kama karani: swali moja, jibu moja, tumemaliza.

Siku ya pili nilipofagia chumba chake ndipo nikashtuka. Anayefagia vyumba anawajua watu kwa taka zao. Chumba cha mtu anayekula kina ushahidi: ganda la chungwa, punje ya wali, mwiba wa samaki. Chumba cha Bi Somoe hata sisimizi walikuwa wamehama.

Roho ikaniuma. Nikaamua kumlisha kwa heshima zote, na heshima kwangu ilikuwa na sura moja tu. Nikampeleka kwenye hoteli mpya ya stendi, ile iliyofanana na ndoto yangu: meza zinazong'aa, redio juu ya kabati, kila mtu na sahani yake ya udongo. Nikamwagizia samaki mtamu kuliko wote wa mto, ningu wa nazi. Anayemjua ningu anajua: nyama yake siagi, mifupa yake sindano za cherehani, na imepandwa humo ndani kama mpunga wa kumwaga. Nikamwekea mbele yake, nikarudi nyuma kama mhudumu wa glavu nyeupe.

Bi Somoe akavuta kanga usoni. Akamega wali mweupe wa pembeni, matonge matatu. Samaki hakumgusa.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Bibi, mbona samaki hujamla?"

"Meno."

Alikuwa na meno mazuri kuliko yangu. Nikasema moyoni, anaona haya kula mbele ya wanaume. Bibi wa Mbwara, wanaume meza zote, redio inapiga kelele, hawezi. Nikajiona nimegundua. Jioni nikamchukulia wali na samaki kwa Mama Chausiku, kwenye sahani ya peke yake tena, nikaufunika kwa kawa, nikamwekea chumbani na kumfungia mlango ili awe huru.

Akaita kutoka ndani. "Pili."

"Abee, bibi."

"Chakula cha kujifungia ni cha mgonjwa au cha mchoyo. Mie ni yupi?"

Nikacheka, nikamwambia ale tu. Asubuhi nikaikuta sahani imerudishwa mlangoni, na chini ya kitanda nikakuta leso imefungwa vizuri kama zawadi. Nikaifungua. Ilikuwa na wali uliomwagika na samaki aliyevurugika, umeokotwa mkekani punje kwa punje. Bado sikuelewa.

Siku hiyo ya tatu, akitoka kuchota maji ya udhu, Bi Somoe aliyumba akaangukia fremu ya mlango. Mzee Kassim aliona. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa hofu, na hofu yake ilikuwa na sauti kubwa.

"Pili, njoo hapa. Lori la mchele linarudi Mbwara kesho baada ya adhuhuri. Nimeshasema na dereva. Bibi arudi kwao."

"Anakwenda kwa binti yake, mzee."

"Kwa hali hii? Basi lenyewe likija ni siku nzima ya tope, abiria wanashuka kusukuma. Akianguka njiani watu watasema katolewa gesti kwa Kassim akiwa anakufa. Mie nina jina langu."

"Ni njaa tu, mzee. Akila atasimama."

"Amekula?"

Nikainama nikaokota ufagio.

"Basi kesho. Nikimkuta ana nguvu, abaki angoje basi lake. Nikimkuta hivi, anapanda lori."

Kuta za gesti yetu hazikufika darini. Neno lililosemwa uani lililala vyumbani. Nilipopita mlangoni kwake Bi Somoe aliniita kwa sauti ndogo, akanishika kiganja.

"Wasinirudishe, mwanangu. Nikirudi Mbwara sasa, sitatoka tena."

"Kwa nini, bibi? Utamwona binti yako mwezi ujao."

"Sitamwona," akasema. Akaniachia kiganja, akageukia ukuta.

Nilikwenda kwa Mama Chausiku bila viatu.

"Waziri," akaniambia, "umelia au umenyeshewa?"

"Kuna bibi wa watu hali chakula. Kesho wanamrudisha kwao kwa lori. Nimempeleka hotelini, hali. Nimempelekea chumbani, hali."

"Hotelini ulimpa nini?"

"Ningu."

"Kwenye nini?"

"Sahani. Ya udongo."

"Peke yake?"

"Peke yake, kwa heshima."

Mama Chausiku akaweka mwiko chini. "Mwanangu, hukumkaribisha, umemtenga. Tangu lini bibi wa Mbwara kala peke yake kama mwenye ndui? Mlete kesho asubuhi. Na usimwambie anakuja kula. Mwambie mie nimeelemewa."

Asubuhi nikabisha mlangoni. "Bibi, kuna mama mmoja mchele wake umejaa mawe, wateja wanakaribia, na hana wa kumsaidia."

Alikuwa ameshasimama kabla sijamaliza. "Na hukusema tangu jana," akanigombeza. "Watu wa mjini mkoje?"

Nikampitisha njia ya ndoo, ile ambayo maji hayamwagiki. Alinishika bega, kidogo kidogo, akaketi uani kwenye kigoda, akapewa ungo. Nikaona vidole vyake vinaingia kwenye mchele kama mtu anayechana nywele za mtoto. Jiwe linatoka, linaangushwa. Jiwe linatoka, linaangushwa. Huku anaongea na Mama Chausiku habari za mafuriko, za viboko wanaoingia mashamba ya mpunga, uso kauinua juu.

"Pili," akaita Mama Chausiku, "njoo unishikie sufuria." Nilipofika akaninong'oneza, "Mtazame. Hatazami ungo."

Nikatazama. Mara kuku akaja, akasimama mbele yake kabisa, shingo ndani ya ungo, akadonoa. Bi Somoe akaendelea kusimulia viboko. Kuku alidonoa mpaka akaridhika, akapiga mbawa, ndipo bibi akasema "shii" upande ambao kuku hakuwepo.

Yote yakaniangukia kwa pamoja. Ule mkono ukutani. Leso ya wali. Ningu mwenye sindano, nimemwekea mtu asiyeona, kwenye sahani ya peke yake, mbele ya watu waliokaa kumtazama, kisha nikasimama nyuma yake najivuna. Uso ukaniwaka kuliko mafiga. Nikataka kwenda kumpigia magoti palepale, Mama Chausiku akanifinya mkono.

"Ukimwambia umejua, hali mpaka mwakani. Nyamaza. Nawa mikono."

Kisha akapaza sauti. "Jamani, leo mtanisamehe. Sahani zote ziko kwa wateja. Sisi huku uani tutakula sinia moja."

Nyuma yake sahani zaidi ya kumi zilikuwa zinakauka juani.

Tukatandika mkeka. Sinia ikawekwa, wali wa nazi, mchuzi umemiminwa, ningu katikati.

"Mie nimeshakula," akasema Bi Somoe.

Mama Chausiku hakumbembeleza hata kidogo. "Sogea hapa, bibi, upande huu ndio wenye ukoko," akamvuta mkono mpaka ukagusa ukingo wa sinia. "Mimi meno yangu hayauwezi."

Na hapo ndipo nilipoiona sinia kwa mara ya kwanza, mimi niliyekua nayo. Kwenye sinia mdogo humtolea mkubwa mifupa, akamsogezea nyama upande wake. Ndivyo tulivyolelewa. Hakuna anayeuliza kama mkubwa anaona au haoni, ana nguvu au hana. Anasogezewa kwa sababu ni mkubwa. Chakula kiko palepale mkono unapotua, mbele yako, hakihami. Kipofu akila kwenye sinia, sinia ndiyo macho yake. Na mimi nilikuwa nimemtoa humo nikamweka peke yake na sindano zake.

Nikaanza kumchambua ningu. Sijawahi kuchambua samaki namna ile. Kila mwiba niliutafuta kwa kucha, nikauchomoa, nikapapasa tena kama kuna mwingine, kisha nyama nyeupe nikaisukuma kwa kidole, polepole, mpaka ikagusa tonge lake. Bi Somoe akala. Tonge la kwanza alilitafuna kama anayesikiliza kitu. La pili likaenda haraka. Nikasukuma tena.

"Samaki gani huyu?"

"Ningu, bibi," nikasema.

Vidole vikabaki kwenye wali.

"Mnamtoa mifupa vizuri," akasema, akaendelea kula.

"Ni Pili huyo," akasema Mama Chausiku. "Ana vidole vya glavu."

Tulikula mpaka sinia ikaonyesha maua yake. Ukoko alikula yeye wote, na ulisikika.

Mzee Kassim alifika baada ya adhuhuri, mwavuli kwapani, lori linapiga honi barabarani. Alimkuta Bi Somoe kakalia mbuzi anakuna nazi, ananigombeza kwamba nakamua tui kama naogopa kuumiza kifumbu.

"Bibi," akasema Mzee Kassim, "umekula?"

"Muulize huyo mwenye nyumba kama ukoko umebaki."

Mzee Kassim akaitazama sinia. Akamtazama bibi, mkono wake unavyokwenda kwenye nazi, kwa nguvu, bila kukosa. Akatoka mpaka barabarani, tukamsikia anamwambia dereva aende zake.

Tukirudi gesti jioni ile, bega langu likiwa mkononi mwake, Bi Somoe akasema, "Umejua."

"Nimejua nini, bibi?"

"Wee." Tukatembea hatua kadhaa. "Macho yote mawili. Binti yangu mwenyewe hajui kama yamefika huku. Nikiona, nitakuja nikutazame."

Basi lilifika baada ya siku mbili, limepakwa tope mpaka kwenye vioo. Mama Chausiku alimfinyangia matonge ya wali aliouchanganya na samaki asiye na mfupa hata mmoja, akayafunga kwenye jani la mgomba, na mayai ya kuchemsha yaliyokwisha kumenywa. Mimi niliingia ndani ya basi nikatafuta mwanamke wa kiti cha pembeni yake, mgeni kabisa kwangu, nikamwambia, "Dada, shikamoo. Huyu bibi hali peke yake. Akifungua, mle pamoja." Hilo nalo lichukueni, wajukuu zangu. Msafiri mzee ukimpa chakula umemaliza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mtu wa kula naye.

Na tangu wakati ule sikumuuliza mgeni mzee "umekula?" hata siku moja. Swali hilo lina jibu lake tayari, na jibu lenyewe ni la adabu, si la tumbo. Nilikuwa nauliza, "Tukale wapi leo?" Wengine walinitazama kwa mshangao. Wengi walichukua kofia wakanifuata.

Mpunga ulikuwa umeshavunwa, barabara imekauka, nilipomsikia mtu anaingia uani bila kugusa ukuta. Nilikuwa nafua. Akasimama mbele yangu, kanga mpya, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akarudia tena, bila haya, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Wewe ndiye Pili?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe mfupi hivi. Kwa sauti ile nilidhani mnazi."

Nilimkumbatia na mapovu yangu. Nikafungua mdomo kumuuliza kama amekula, nikaufunga.

"Tukale wapi, bibi?"

"Unapajua."

Kwa Mama Chausiku alikalishwa mezani mbele, kama mteja, maana sasa anaona, na mbele yake ikawekwa sahani ya udongo. Mama Chausiku naye alikuwa ameanza kununua za udongo, dunia ilikuwa inakwenda. Bi Somoe akaigeuzageuza ile sahani, akayatazama maua yake, akayasifu. Kisha akairudisha.

"Nzuri. Lete sinia."

Tukahamia uani, mkekani. Ningu akaja. Nilipoupeleka mkono kumchambua, Bi Somoe aliupiga kofi dogo, akamchukua yeye. Akamwinua kidogo kwenye mwanga, akachomoa mwiba, akautazama ulivyo mwembamba, akauweka pembeni. Akachomoa mwingine, akautazama nao. Hakuwa na haraka yoyote. Alipomaliza akaisukuma nyama nyeupe kwa kidole, polepole, mpaka upande wangu.

"Kula, mwanangu."

Nilikuwa nimekula muda si mrefu, palepale kwa Mama Chausiku, sahani nzima. Sikumwambia. Nikanawa, nikasogea, nikala.